Macho ya Shangazi Glenys

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai yake, shangazi Glenys alipiga magoti kwenye sakafu ya studio akabandika vipande vya utepe pale waigizaji wangesimama. Kazi yake ilikuwa kuzungusha lenzi ya kamera, akipima umbali kwa alama hizo, ili nyuso zao zisitoke na ukungu.

Siku hiyo Alastair, mpiga picha mkuu, alivibandua vyote kwa ncha ya kiatu. "Sakafu imekuwa kama chekechea, mpenzi." Kisha akazima taa mbili, ingawa mwanga ukipungua ukungu huja upesi, na picha ilipotoka hivyo akapaza sauti mbele ya wote: "Glenys, leo umeazima macho ya nani?"

Watu wakacheka kwa woga. Miaka yote shangazi alivumilia, kwa kuwa huku Uingereza wapiga picha wakuu ndio huchagua wasaidizi wao, na huulizana kwa simu. Neno moja la Alastair lingemkosesha kazi kila mahali.

Mchana, fundi taa Desmond alikaa karibu naye na sahani ya soseji. "Pole na macho, dada. Imogen, yule mpiga picha mkuu mwingine, alitaka kukuchukua kwenye filamu yake, Alastair akamwambia unakaribia kupofuka."

"Lini?"

"Mwaka juzi. Mbona yeye huwaambia watu wote? Nilidhani unajua."

Shangazi akaweka uma mezani. Kumbe jina alilokuwa akililinda lilishaharibiwa zamani. Akarudi ndani, akamkabidhi Alastair lenzi mkononi.

"Unakwenda wapi? Tunaanza sasa hivi!"

"Zungusha mwenyewe, mzee."

Akachukua koti lake, akatoka getini, na studio ile hakuikanyaga tena.