Stendi ya Kioko na Kiapo cha Mutua

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, wanaume wa kwetu wanajiandaa kumpeleka jirani akaape, na mimi nimesimama kwa mlango wa jikoni na mwiko mkononi, sielewi hata kitu moja. Sielewi huko wanaenda ni wapi. Sielewi mbona mke wa huyo jirani anakuja mbio na leso imeanguka begani. Na zaidi ya yote sielewi ile kitu ilikuwa imesimama katikati ya boma yetu. Wacha nianzie mbali kidogo, la sivyo utachanganyikiwa kama mimi.

Nilikuwa nimeolewa juzi tu. Walinitoa kwetu Ikutha, huko chini kwa joto na mbuzi, wakanileta hapa Kasikeu. Kwetu tulikuwa tunalima na jembe ya mkono. Hapa nikakuta watu wanalima na ng'ombe, na wanaongea juu ya plau vile watu wengine wanaongea juu ya mtoto. Plau imelala wapi? Plau isinyeshewe. Nani huyo amekuja kuomba plau? Na mimi hiyo plau sijawahi kuiona ikilima, maana nilikuja kiangazi, shamba ni vumbi tu. Nikawa naitikia tu, ee, ee.

Babu yako, ndiye alinioa, alikuwa kibarua Mombasa. Nyumbani tulikuwa na baba mkwe, Mzee Kilonzo, na mama mkwe, tulikuwa tunamwita Mwaitu, yaani mama yetu, na shemeji yangu Kioko. Huyo Kioko alichukuliwa na mjomba wake akiwa mdogo sana, akakulia Mombasa kwa gereji. Alikuwa anaogopa ng'ombe kuliko simba. Sasa akarudi nyumbani na pikapu mzee, rangi ya samawati, na unajua ilifikaje hapa? Ikivutwa na ng'ombe! Wuui, nilicheka mpaka nikakaa chini. Ilikuwa imetoa moshi njiani mpaka ikakataa kabisa.

Kioko akasema ataitoa injini. Mimi nikashangaa. Nilikuwa najua injini ni kitu ya kukaa ndani ya gari milele. Kumbe inaweza kutolewa mzima, kama vile unatoa maini ya mbuzi! Mzee akamuuliza, "Na ukiitoa, utaiweka wapi? Kwa mchanga?"

"Aiee, baba. Mchanga ukiingia imekufa. Inataka stendi. Inashikwa juu hivi, nafungua huku, naizungusha, nafungua na huku."

"Sasa hiyo stendi inatoka duka gani?"

"Nitatengeneza. Nipe vyuma tu."

Mzee alikuwa anaenda kukaa na ng'ombe wake huko chini kwa malisho mpaka mvua ikaribie, fimbo iko mkononi tayari. Akasema, "Chukua hizo vyuma ziko nyuma ya ghala. Chukua zote. Mimi nimechoka kujikwaa nazo." Alikuwa anafikiria vile vitanda vya zamani vilivyovunjika. Akaenda zake.

Sasa Kioko akaanza. Hakuwa na mashini ya kuchomelea, alikuwa na spana na boliti na waya. Akalaza magogo mawili chini, akasimamisha chuma moja ndefu imepinda kama shingo ya mbuni, akafunga vyuma vya vitanda kwa pembeni, na huku nyuma akaacha mikono miwili imetokeza, ya kushika akitaka kuisukuma. Vijana wa kanisa wakaja wakabeba injini, wanaimba, wanakanyagana, wakaiweka juu. Ikakaa! Ikaning'inia hapo kama mgeni amekaa kiti cha heshima, inadondosha oili. Kioko akaizunguka na mikono myeusi, akashika hapa, akashika pale, baada ya muda mfupi stendi yote ikawa nyeusi kama sufuria ya isyo, yale mahindi na maharagwe yetu ya kuchemsha.

Tukaizoea. Mwaitu alikuwa anatundika kyondo chake hapo akisuka. Mimi nilikuwa naanika nguo ya jikoni kwa ule mkono wa kushoto. Wageni walikuwa wakija wanaizunguka wanasema, huyu kijana ana kichwa. Mimi nilitamani kuuliza, hii mti ya chuma imetengenezwa na nini hasa? Lakini bibi harusi na maswali, mwanangu, hapana. Kwetu kuna kitu tunaita nthoni. Ni ile haya ya wakwe. Baba mkwe akiwa hapo huongei ovyo, hupiti mbele yake ovyo, macho yanakaa chini. Nikanyamaza.

Basi mawingu yakaanza kujikusanya. Mzee akarudi kutoka malisho, anataka kulima. Na siku hiyo hiyo jirani yetu Mutua akaja amebeba jembe la plau, ile chuma pana ya kukata udongo, na gurudumu yake. Mutua ndiye alikuwa ameomba plau mara ya mwisho. Na hapa desturi ni moja: ukiomba plau ya mtu, unairudisha imenolewa. Alikuwa amefungua jembe na gurudumu akapeleka kwa fundi sokoni.

"Mzee, hii hapa. Inakata mpaka ndevu."

"Asante, Mutua. Na mwili wake?"

"Mwili nilirudisha zamani. Nilipata hakuna mtu nyumbani, nikauweka nyuma ya ghala."

Wakaenda nyuma ya ghala. Hakuna. Nyasi tu, na kuku analalia mayai. Mzee akamwita Kioko. "Wewe uliona plau hapa?"

"Plau? Mimi sijaona plau yoyote, baba. Kulikuwa na vyuma tu."

Na hakuwa anadanganya! Hiyo ndiyo ilinichanganya miaka mingi. Mutua alisema ukweli. Kioko akasema ukweli. Mzee naye alijua vizuri hajaichukua. Watu watatu wanasema ukweli, na plau haipo. Sasa mtu afanye nini?

Mzee alifanya vile hasira hufanya. Siku ya soko akasimama pale Kasikeu kati ya watu wa ng'ombe na watu wa kamba, akasema kwa sauti, "Mutua ameuza plau yangu, halafu ananiletea jembe kama mtu mwema!" Neno likaruka. Jioni hiyo hiyo kulikuwa na mtu ameota ameona Mutua akipeleka vyuma kwa watu wa Nunguni. Kesho yake ile ndoto ikawa ni kitu watu wameona mchana.

Ikafika kwa wazee. Wazee wakasema, basi Mutua aape kithitu. Nyinyi watoto wa siku hizi kithitu mnasikia tu. Hicho kilikuwa kiapo cha kuogopwa. Mtu akiapa uongo, watu wa nyumba yake wanakufa mmoja mmoja, hivyo ndivyo tuliamini. Na Mutua alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa lao lilikuwa limekataza hicho kitu kabisa. Ukikigusa, unatolewa kwa meza ya Bwana mbele ya watu.

Sasa ona vile ameshikwa. Akiapa, kanisa linamfukuza. Akikataa, watu wanasema, kama hakuiba anaogopa nini? Mutua alikonda, mwanangu. Tulikuwa tunakutana naye kwa mto akichota maji, mwanaume mzima, kwa sababu mke wake alikuwa anaona haya kukutana na sisi wanawake. Mwisho akasema, "Sawa. Nitaapa. Kanisa nitalilia baadaye."

Ndiyo ile asubuhi nilianza nayo. Wazee wako kwa boma yetu, wamekalia viti vyao. Mutua amesimama na koti yake ya Jumapili. Mzee Kilonzo amefunga uso. Mara mke wa Mutua akaingia, tulimwita Mama Ndinda, mwanamke mrefu, mdomo wake ulijulikana mpaka ng'ambo ya mto.

"Kilonzo!" Hakusema hata Mzee. "Unampeleka mume wangu akaape kwa sababu ya chuma?"

"Wewe mwanamke, rudi nyumbani."

"Sirudi. Hiyo plau mimi ndiyo nilikuwa naishika. Mutua alikuwa anashika kamba ya ng'ombe, mimi niko nyuma. Sasa niuze kitu nashika na mikono yangu, mwaka unaokuja nitalima na nini, na meno?"

Mzee mmoja akacheka, akajikohoza.

"Na wewe mwenyewe," akaendelea, "ulikula mahindi yangu ya hiyo shamba! Ulikaa pale kwangu ukasema, Mama Ndinda, muthokoi yako ni tamu!"

"Sijakataa ilikuwa tamu. Nimesema plau iko wapi."

Mama Ndinda alikuwa amechoka kwa mbio na kelele. Akarudi nyuma, akatafuta kitu ya kushikilia asianguke, na kitu ilikuwa karibu ni stendi ya Kioko. Akashika ile mikono miwili, moja kulia, moja kushoto, injini iko mbele yake. Na akanyamaza.

Mama Ndinda kunyamaza! Kila mtu akageuza kichwa.

Alikuwa amesimama na miguu imeachana, mgongo umeinama kidogo, kama mtu anangoja ng'ombe waanze kutembea. Mkono wake wa kulia ukatembea pole pole kwa ile chuma nyeusi. Akatoa nguo yangu ya jikoni kwa mkono wa kushoto, akaiangusha chini. Akakwaruza grisi na kucha. Chini ya grisi kulikuwa na raba ya tyubu, imezungushwa ikafungwa fundo.

"Hii nilifunga mimi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo kabisa. "Mkono ulikuwa unanitoa malengelenge. Hii ni plau."

Mimi nikaangalia. Mwanangu, nilikuwa nimeangalia hiyo kitu kila siku na sikuona plau. Na sasa niliangalia na sikuona stendi tena. Ile shingo ya mbuni ndiyo mgongo wa plau, umesimamishwa. Ile mikono ya kusukuma ndiyo mikono yake. Nikafunga macho nikafungua.

Mzee Kilonzo akasimama, akaenda, akagusa. "Kioko!" akapiga kelele. "Nani alikupa plau yangu?"

Kioko akatoka chini ya pikapu, uso mweusi, spana mkononi. Akaangalia baba yake, akaangalia stendi, akaangalia wazee.

"Si ni wewe, baba? Ulisema nichukue zote."

Mwaitu akaziba mdomo na leso, mabega yanacheza, sikujua analia ama anacheka, na mpaka akafa hakuniambia.

Injini ikateremshwa ikalazwa kwa magunia, Kioko anashika kichwa kama mtu amefiwa. Plau ikafunguliwa, ikafungwa upya, ikalima, mvua ikatupata tayari. Ungefikiria imeisha hapo. Mimi nilifikiria imeisha.

Mzee akachukua mbuzi, akaenda kwa Mutua kuomba msamaha. Mimi na Mwaitu tulimfuata nyuma na kibuyu cha uji. Mutua akatukaribisha vizuri, akatupa viti. Lakini mbuzi hakuifungua kamba.

"Mzee," akasema, "rudi na mbuzi yako. Mimi sina njaa ya nyama. Ulisema sokoni. Nenda useme sokoni."

"Mutua, si tumeelewana hapa? Watu watajua tu."

"Na ile siku ya kwanza, mbona hukungoja wajue tu?"

Mwaitu, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akaweka kibuyu chini, akamwambia mume wake mbele yetu sote, "Baba Kioko, mdomo ulikuwa na nguvu ya kwenda. Sasa uwe na nguvu ya kurudi."

Siku ya soko Mzee akasimama mahali pale pale. Nilimwona na haya zangu, macho chini, lakini nilimwona. Akasema, "Mutua hakuiba plau yangu. Plau ilikuwa kwangu. Mimi ndiye nilitoa, na sikuangalia." Wengine wakacheka. Wengine hawakuwa wanasikiliza, walikuwa wananunua kamba. Wengine wakauliza, plau gani? Na wengi wale walisikia ile siku ya kwanza, siku hiyo hawakuja soko.

Mutua alibaki kwa kanisa lake, maana kile kiapo hakukigusa. Alikuja kutulimia shamba babu yako alipoumia mguu, wala hakuwahi kutaja hiyo mambo. Lakini miaka mingi baadaye, mimi tayari nina wajukuu, mzee mmoja kule Nunguni akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kasikeu, karibu na kwa Mutua. Akasema, "Mutua yule aliyeiba plau?" Mutua alikuwa amezikwa tayari. Nikasimama hapo barabarani nikamwelezea huyo mzee yote, kutoka mwanzo, mpaka gari ya kurudi nyumbani ikaniacha. Akasema, "Aa, sawa, sawa." Sijui kama aliamini. Bado sijui.

Sasa sikiza, mwanangu. Mimi shule sikwenda, na mpaka leo nikifikiria hii mambo nachanganyikiwa, maana kila mtu alikuwa na ukweli wake na mtu mmoja karibu amalizwe. Lakini hii moja naiona. Kitu chako kikipotea, kabla hujataja jina ya mtu, zunguka nyumbani kwako kwanza, ushike vitu na mkono, uulize hii ni nini na ilitoka wapi. Hata kama ni wewe mgeni, hata kama ni wewe mdogo, uliza. Haya haijaokoa mtu. Hizo simu zenu mnaandika, fulani ni mwizi, na watu mia wanasoma mkiwa bado mnatafuta chini ya kitanda, mimi naona hiyo soko yenu ni kubwa kuliko yetu, na haina siku ya kufungwa. Na ukishasema vibaya, usiende kuomba msamaha kwa uficho na mbuzi. Rudi pale pale uliposemea, na ukimaliza, endelea kusema kila mahali utaulizwa, maana hilo neno halikungoji.

Haya. Mungu akupe macho ya kuona kitu kiko mbele yako. Akupe jirani kama Mutua, na wewe uwe jirani kama yeye. Mvua ikinyesha ikute shamba yako imelimwa, na jina lako popote linatajwa, litajwe na watu wakitabasamu.