Nguo Nyeusi kwenye Vioo

Mama alikuwa na wiki moja Marekani na alikuwa hanisemeshi. Kujibu anajibu: chai nataka, baridi naisikia, nimelala salama. Lakini mazungumzo ya mama na mwana, hakuna. Nyumba yangu ya kupanga pale mjini Hopkins ilikuwa ndogo, na kununiana mle ndani ni kazi. Sababu nilidhani naijua. Baba alifariki mwaka ule, nami sikwenda kumzika. Karatasi zangu zilikuwa uhamiaji, na ningetoka nisingerudi. Kumbe kosa langu lilikuwa jingine kabisa.

Jumamosi nikaenda naye kazini, mji wa jirani wa Saint Paul. Nilikuwa natembeza wageni kwenye makumbusho, nyumba ya mwanamke mmoja aliyeandika riwaya zama zile za magauni ya kufagia sakafu. Jamani, yule mama nilimpenda! Aliandikia jikoni, sufuria ikitokota, watoto wakigombana chini ya meza, na meza yenyewe ipo, ina alama za visu na madoa ya wino. Kila msimu tulibadilisha maonyesho: mara barua zake, mara mapishi yake. Safari ile maonyesho yalikuwa ya mwaka aliofiwa na mumewe. Kwa desturi ya msiba ya zama zao, saa ya ukutani tuliisimamisha, vioo tukavifunika nguo nyeusi, mlangoni utepe mweusi, na sebuleni tukasimamisha gauni lake la ujane. Zile nguo za vioo nilizipiga pasi mwenyewe, kwa mbwembwe zote. Nilitaka mama aone kwamba mwanawe hakupotea bure.

Mama alipouona ule utepe akasimama pale pale barazani. "Wewe mtoto," akaninong'oneza, "unanileta msibani hata huniambii?"

Kabla sijafumbua mdomo ameshavua viatu, amejitanda kanga, ameingia. Mkuu wetu wa kazi, bibi wa Kizungu mwenye mvi, alikuwa kwenye meza ya tiketi. Mama akamshika mikono yote miwili: "Pole, mwenzangu. Pole sana." Kiswahili kitupu. Yule bibi hakuelewa hata neno, lakini mikono yake hakuiondoa. Mama akapita sebuleni, akaketi chini kwenye zulia karibu na gauni, miguu kainyoosha. Wageni wanne waliokuwa wakitazama picha wakampisha.

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. "Mama, inuka, tafadhali! Hakuna msiba hapa. Ni maonyesho tu. Huyu mwanamke na mumewe walikufa hata bibi yako hajazaliwa."

Akanitazama. "Na hizo nguo kwenye vioo kaweka nani?"

"Mimi."

"Umewafunikia vioo watu usiowajua." Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Mimi nimekaa eda miezi minne na siku kumi. Nimetoka, nimepanda ndege nikaja kwako. Pale uwanjani ulinipokea vipi?"

Nilikumbuka vizuri. Nilimpokea na koti. Shikamoo mama, vaa koti, mabegi mangapi, gari liko kule. Njia nzima nikamsimulia theluji. Na kwetu Tanga mtu aliyefiwa, mkionana mara ya kwanza, huanzi habari nyingine yoyote kabla hujampa pole. Hata jirani mliyegombana naye anakuja. Mimi, mwana wa kumzaa, nilisema pole kwenye simu inayokwaruza, nikaona yamekwisha. Ukweli ni kwamba niliogopa. Ningeanza kulia pale uwanjani, nani angeendesha gari?

Mkuu wangu akatokea mlangoni. Nikasema basi, kazi imeota mbawa. Akamtazama mama, akanitazama mimi, kisha akawaongoza wale wageni taratibu kuelekea jikoni na kuufunga mlango nyuma yake. Mpaka leo namheshimu kwa jambo lile.

Nikavua viatu. Nikakaa kwenye zulia ubavuni mwa mama, gauni la yule mjane likiwa limesimama juu yetu.

"Pole, mama," nikasema. "Pole kwa kufiwa na baba."

Mama akanivuta, akanifunika upande mmoja wa kanga yake.

"Na wewe pole, mwanangu," akasema. "Huku nani alikupa?"