Miji Kumi na Tisa Niliyomlipa Binti Yangu

Gharama yote ilikuwa dola sitini na tano na miji kumi na tisa. Nimehesabu mara mbili. Vitabu vya hadithi thelathini na vinane, senti ishirini na tano kila kimoja, dola tisa na nusu. Zulia la kukalia, dola nane. Ramani ya Kenya ya kubandika ukutani, tatu na nusu. Petroli ya kutoka kwetu Garland hadi Sugar Land, huku Texas, na kurudi, arobaini na nne. Miji sijui niitie bei gani, na ndiyo sababu naandika haya.

Vitabu nilivipata kwa mzee mmoja aliyekuwa amepanga vitu vya wajukuu wake mbele ya gereji. Alitaka dola moja kwa kila kitabu. Nikamwonyesha sungura aliyekatwa sikio kwa mkasi, nikamwonyesha ukurasa uliomwagiwa juisi, nikageuka kama mtu anayerudi kwenye gari lake. Aliniita kabla sijafungua mlango. Mimi nimekulia Nakuru, nikiuza makoti ya mitumba pamoja na mama yangu. Kitu kama hicho hakikutoki kwa sababu tu umepanda ndege.

Binti yangu alikuwa na miaka minane na alikuwa na kigugumizi. Shuleni hawakumcheka. Walimsaidia, na hapo ndipo palipoharibika. Akianza neno, watoto watatu wanamalizia. Mwalimu naye, mtu mwema kabisa, anamalizia. Mwishowe akaacha kuanza. Siku aliyorudi nyumbani na nguo imelowa kwa sababu hakuweza kuomba kwenda chooni, mimi na mama yake tukaamua asomee nyumbani.

Mama yake ni nesi wa zamu ya usiku. Mimi nilikuwa nafanya kazi ghalani Jumapili hadi Jumanne. Kwa hiyo mwalimu nikawa mimi.

"Wewe?" mama yake aliniuliza. "Wewe uliyemkatiza pasta kwenye harusi yetu?"

"Alikuwa anachelewa kufika kwenye kiapo."

Mpango ulikuwa rahisi. Tunasoma hadithi, kisha tunaulizana: huyu anajisikiaje, na umejuaje? Nilitaka ajifunze kuyataja yaliyo moyoni kupitia watu wa vitabuni, kwa kuwa yake mwenyewe alikuwa ameyafungia. Ninazikumbuka asubuhi zile hadi leo: chai kwenye chupa, mama yake amelala chumba cha pili, sisi wawili tumekaa kwenye zulia tukiongea kwa sauti ya chini. Hadithi ya kwanza ilikuwa ya ngamia aliyekataa kuingia kwenye picha ya familia.

"Anajisikiaje?" nikauliza.

"A-anaona..."

"Amekasirika," nikasema.

"Hapana. Anaona..."

"Anaona wivu."

Alifunga kitabu akakikalia. "N-nipe mji."

Nilikuwa nimemfundisha vitendawili vya kwetu. Ukishindwa kutegua, unamlipa mji yule aliyetega. Naye anasafiri hadi huko kwa maneno, anasimulia alivyopokelewa na alichokula, ndipo anakupa jibu.

"Mji wa nini? Hukutega kitendawili."

"Umenimalizia. Nipe mji."

"Haya, chukua Garland."

"Garland tunaishi. Ni yetu tayari."

Nikaona kweli huyu ni damu yangu. "Chukua Arlington."

"Na Thika."

"Wewe! Kosa moja, mji mmoja."

"Umemalizia m-mara mbili."

Nikahesabu. Kweli, mara mbili.

Basi akaenda Arlington, bado amekalia kitabu. Alimkuta ngamia amejificha nyuma ya duka la matairi. Hakuwa na hasira wala wivu. Aliona aibu, kwa sababu kila picha ilimkata kichwa, na shingo peke yake hakuna anayeijua. Alisimulia kwa dakika sita kwa saa ya jiko. Mji ulikuwa wake, kwa hiyo sikuwa na la kumsahihisha. Sikumbuki kumsikia akiongea dakika sita kabla ya siku ile.

Toka hapo ikawa sheria ya nyumba: anayemmalizia mwenzake analipa. Nililipa Kisumu, nikalipa Eldoret, nikalipa Malindi kwa neno moja tu. Kila mji akiupata anauwekea kibandiko chekundu kwenye ramani. Miji ya Texas, kwa vile ramani haikuwa nayo, aliibandika ukutani pembeni. Nilijaribu kumkatiza makusudi ili asafiri, akanitazama akasema ya makusudi hailipwi. Mama yake alicheka hadi usingizi ukamruka. Tulilipana miji niliyowahi kulala tu, na baada ya miezi michache nikawa nimebakiwa na Nakuru peke yake. Hiyo nilikuwa naiziba kwa kidole gumba tukisoma ramani.

Kulikuwa na mama mmoja Mtanzania, zamani jirani yetu, aliyehamia Sugar Land na kuwasomesha wanawe nyumbani. Alhamisi moja alikusanya watoto watano sebuleni kwake. Kila mmoja achague mtu wa hadithini na aeleze anavyojisikia, kwa njia yake. Msichana mmoja asiyeongea alieleza kwa kadi za picha, tukasubiri hadi kadi ya mwisho. Mwingine alielezea akiwa chini ya meza, kwa sababu huko ndiko alikojisikia salama, na wala hakuna aliyemvuta atoke. Tuliinama sisi.

Akasimama binti yangu. Mbele ya watu wengine hakuwa amezungumza tangu aache shule.

"Kobe wangu hataki kuvuka barabara," alisema. "Si mvivu. A-a-a..."

Nikahesabu sekunde moyoni. Kumi na moja. Kumi na mbili. Mwenyeji alitazama mikono yake. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Anaogopa!" nikasema.

Binti yangu aligeuka polepole. "Baba. Nipe mji."

"Mji gani tena, kaka?" mwenyeji akauliza.

"Miji imeisha," nikasema.

"Iko Nakuru."

"Nakuru siuzi."

"S-sinunui. Unalipa."

Wale watoto wote wakanitazama, pamoja na yule wa chini ya meza. Nikalipa.

Akasafiri pale pale, amesimama. "Nimefika Nakuru. Wamenipa viazi vya moto. Sokoni kuna mtu anauza makoti. Anaongea, anaongea. Mteja akinyamaza kidogo tu, anapunguza bei. Kwa sababu a-a-a..."

Hakuna aliyetikisika. Niliuma ulimi. Nilifika ishirini na moja.

"Anadhani mteja akinyamaza ataondoka. Nikamwambia, mimi siondoki. Nimenyamaza tu, lakini niko."

Kisha akatupa jibu la kobe, ambalo halikuwa kuogopa hata kidogo. Kobe alikuwa anamsubiri mwenzake.

Njiani kurudi sikusema neno hadi tulipofika Corsicana, mwendo wa zaidi ya saa tatu. Ndipo akainama kutoka kiti cha nyuma. "Baba, unaumwa?"

Sasa ana miaka kumi na saba. Kigugumizi anacho bado, na simu za maofisini anazipiga mwenyewe. Ramani iko ukutani, imefifia upande wa dirisha. Mimi bado nahesabu, ila mdomo umefungwa.

Wiki iliyopita alisimama mbele ya ramani na simu mkononi, bei za tiketi zimefunguliwa.

"Nataka kuuona mji wangu," alisema. "Wewe utakuwa mgeni wangu. Lakini nauli ni yako."

Nikampa bei yangu: nalipa nauli zote mbili, ananirudishia Nakuru, anabaki na ile kumi na minane. Amekataa. Anasema atanirudishia nusu, upande wa soko, na upande wa ziwa unabaki wake. Mama yake anasema huo ni ukarimu. Mimi naona nauli ya watu wawili kwenda kutembezwa mahali nilipozaliwa, na mtu ambaye hajawahi kufika huko, na bado nirudi na nusu mji.

Ninyi mliowahi kulipa miji utotoni, nishaurini. Je, kuna aliyewahi kurudishiwa, na alitoa nini? Nichukue hiyo nusu, au nizidi kuvuta bei? Sijamjibu bado. Amesema hana haraka.