Dakika Moja ya Jumatano

Jina la Mama Sukutua hakulipenda hata kidogo, lakini alipewa na watoto, na jina la watoto ukilikataa ndiyo umelipigilia msumari. Alikuwa nesi. Kwa miaka ishirini na sita, kila Jumatano asubuhi, aliingia shule ya msingi iliyo nyuma ya zahanati akiwa na dumu la dawa ya floridi, vikombe vya plastiki na saa yake ya mkononi. Watoto walipanga mstari, kila mmoja akapata funda moja la kuyakinga meno yasioze.

"Usimeze!" alifoka. "Sukutua mpaka nishushe mkono. Halafu tema, na kwa nusu saa usitie kitu mdomoni, hata maji!"

Basi hapo ungependa uwepo. Watoto sitini, mashavu yamevimba, macho yamewatoka, watundu wakitekenyana ili mwenzao acheke amwage. Mwalimu mkuu alikuja kusimama mlangoni makusudi, maana hiyo ndiyo ilikuwa dakika pekee ya wiki ambayo shule yake ilinyamaza. Mama Sukutua, mkono juu, alijiona kama mwenye dunia. Mpaka leo, miaka mingi baada ya dumu kuacha kuletwa na yeye kustaafu, Jumatano ikifika huwa hatulii nyumbani.

Alikuwa na sheria moja, na aliipenda kupita kiasi. Akishaanza kumimina, mlango unafungwa. "Aliyechelewa amechelewa." Kulikuwa na msichana mmoja wa darasa la tatu, mwembamba, aliyechelewa kila Jumatano, akifika na sketi imelowa upande mmoja. Kila Jumatano alifungiwa nje, miaka miwili mizima. Nesi hakumuuliza hata siku moja kulikoni.

Sasa, fundi aliyemshonea magauni tangu astaafu alikuwa mwanamke mcheshi mwenye kibanda kwenye kona. Alikuwa na tabia ya kucheka akiziba mdomo kwa kiganja. Siku moja mikono yote miwili ilikuwa imeshika kitambaa, kicheko kikamponyoka, na nesi akaona pengo mbele, meno matatu hayapo.

"Mwanangu, meno yamekwenda wapi?"

"Yalioza, mama, tangu shule. Si nilisoma hapo nyuma ya zahanati?"

Nesi alimtazama vizuri, akamtambua yule msichana wa sketi iliyolowa. Alitoka bila hata kuaga. Gauni lilikamilika, hakulifuata. Wiki mbili alipita njia ya nyuma kama mwizi, mtu mzima na mvi zake. Alitaka kuomba radhi na aliogopa kuomba, kwa sababu kama fundi hakumkumbuka, angejichongea mwenyewe, na kama alimkumbuka, basi miaka yote hiyo alikuwa akimshonea mtu aliyemharibia kinywa.

Mwishowe akajikaza, akaenda.

"Yule nesi wa shuleni," alianza, "aliyekuwa anafunga mlango..."

"Ni wewe," fundi akamalizia, bila kuinua macho kwenye cherehani. "Nilikujua siku ya kwanza ulipoleta kitambaa."

"Na hukusema!"

"Ningesema nini, mama? Jumatano ilikuwa zamu ya maji mtaani kwetu. Bomba lilifunguliwa asubuhi hiyo tu, na wa kupanga foleni nilikuwa mimi."

"Sikukuuliza."

"Hukuniuliza." Fundi alikata uzi. "Lakini nilikuwa nasukutua. Pale nje, dirishani. Nilikuja na chupa ya maji ya bomba. Ukiinua mkono, natia funda. Ukishusha, natema. Na nusu saa sili kitu, nafuata masharti yote. Nilidhani dawa ni ile dakika."

Nesi alikaa kwenye benchi la wateja akalia waziwazi, mbele za watu. Fundi alimwacha alie, kisha akampa kipande kilichobaki cha kitambaa cha gauni la nesi mwenyewe ajifutie.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nina binti wa miaka sita," fundi akasema. "Kila siku tunagombana kwa mswaki. Njoo umtishe kidogo, unajua kutisha."

Jumatano iliyofuata nesi alifika mapema na mswaki mpya na dawa ya meno yenye floridi. Akapaka kiasi cha punje ya njegere. "Dakika mbili," alimwambia binti. "Sugua mpaka nishushe mkono. Halafu tema, usimeze, wala usisuuze kwa maji."

Akatazama saa, akainua mkono. Mtoto akaanza kusugua. Cherehani ikanyamaza, na nyuma yake fundi akavimbisha mashavu yake matupu, asiondoe macho kwenye ule mkono mpaka uliposhuka.