Siku Niliyotoa Chipsi Mbuya

Mashine ya mchezo ilikaa kwenye hoteli ya mama mmoja Mkenya kule Mbuya, mtaa wenye kambi ya jeshi, kati ya friji ya soda na mlango wa jikoni. Ni ile ya miguu minne yenye kioo juu. Unavuta mpini, kijimpira cha chuma kinaruka, nawe unakipiga kwa vibawa viwili kisitumbukie shimoni. Wanajeshi wa mtaa ule waliipenda kuliko chakula. Kisha betri iliyokuwa ndani ikavuja, maji yake yakala bodi ya umeme, mashine ikanyamaza.

Mama aliagiza bodi nyingine kutoka Nairobi. Ilifika na soketi tupu. Chipsi mbili zenye akili ya mchezo zilibaki kwenye bodi ya zamani, na za kuzibadilisha hazikuwepo. Sisi mafundi tunaziita chipsi, hata ikiwa moja.

"Ukizivunja," mama aliniambia, "kesho mashine inaenda Katwe kwa wafua vyuma, wakaikate masigiri ya makaa."

Nilisema ndiyo, mama. Mimi si mtu wa maneno. Naipenda kazi hii kwa sababu kichwa kinakaa ndani ya mashine na watu wanazungumza na mgongo wangu.

Nilichomoa waya wa umeme. Nikashika chuma cha mashine ili umeme wa mwilini uondoke, maana chipsi hufa kwa cheche usiyoiona. Kila chipsi ina pengo dogo upande mmoja. Nikachora mapengo yalikoelekea. Halafu nikaingiza bisibisi nyembamba chini ya ncha moja, nikainua kidogo sana, nikahamia ncha ya pili, nikainua kidogo, nikarudi. Ukivuta kwa mkono upande mmoja, miguu inapinda kama ya panzi.

Nyuma yangu alikuwa amesimama sajenti mmoja mnene, bingwa wa mashine ile. Kwa Kiswahili chake cha kambini, mimi, wewe na yule wote ni "na" tu.

"Wewe kijana, nafanya nini huko ndani?"

"Natoa chipsi, afande."

Akasogea karibu. "Natoa chipsi? Bure?"

Nilidhani anauliza kama mama atalazimika kununua nyingine. "Bure, afande. Hizi hazinunuliwi."

"Jamani!" akanguruma mpaka barabarani. "Kuja! Kijana natoa chipsi bure!"

Nilisikia viti vikisogea. Nikasikia bodaboda zikizimwa nje. Mtu jasiri angegeuka na kueleza. Mimi nilizidi kuingiza kichwa.

Chipsi ya kwanza ilitoka, ya pili ikafuata, miguu yote imenyooka. Chipsi iliyotoka haiachwi hovyo, kwa hiyo nilikuwa nimeomba jikoni sahani na karatasi ya fedha, ile ya kufungia kuku. Nikazibandika juu yake, nikaikunja, nikaweka sahani kwenye kiti nyuma yangu, nikaanza kufungua skrubu za bodi.

"Yangu kwanza," alisema sajenti. "Mimi ndiye nilisikia."

Nikageuka. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Sajenti alikuwa na sahani mkononi, anaipima uzito.

"Mbona kidogo hivi?" Akafunua, akashika moja kwa vidole viwili. "Banange! Hii imeungua kabisa."

Akaipeleka puani. Kutoka puani hadi mdomoni si mbali. Nilimwona panzi wangu akitafunwa, nikaiona mashine imekuwa sigiri ya kupikia maharage huko Katwe, na sauti ikanitoka, sijui ilikuwa imekaa wapi siku zote:

"Afande, usire!"

Nilitaka kusema usile. Ulimi wetu wa Kiganda huchanganya l na r.

Hoteli nzima ikanigeukia. Sajenti akanitazama kwa uchungu. "Usilie? Nani nalia? Mimi nalia wapi?"

"Analia njaa huyo!" mtu wa bodaboda akadakia nyuma.

Mama akatoka jikoni na mwiko. "Nani anagawa chipsi zangu?"

"Ni za mashine," nikasema. "Ndiyo akili yake hiyo, afande. Umeishika."

Sajenti aliirudisha kwenye karatasi taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Mguu mmoja wa chipsi ulikuwa umepinda. Niliunyoosha kwa koleo nikiwa nimezuia pumzi, na foleni nzima nayo imezuia. Nikafunga bodi mpya, nikaelekeza mapengo kama nilivyochora, nikakandamiza kila chipsi kwa vidole gumba viwili. Nikawasha.

Taa zikaruka, kengele zikalia. Watu wakapiga makofi, kisha wakamtazama mama, maana njaa walikuwa nayo bado. Mama akatazama foleni, akarudi jikoni kumenya viazi. Hakutoa bure.

Sajenti alikuja kufungua mchezo, sahani imejaa chipsi za viazi, mafuta yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Akanyoosha kidole kwenye kitufe.

"Afande," nikasema, "nawa kwanza."

Akaenda kunawa.