Darasa Lililohamia Salamabila

Diploma yangu niliipata katika shule ya jioni, Kasongo, nikiwa tayari na ndevu za kujaza mto. Siku nilipoileta nyumbani Kabambare, mama alipiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Tangu hapo mtaa mzima uliniita Diplome.

Lakini mwenye kichwa nyumbani kwetu alikuwa mdogo wangu wa kike. Alikuwa darasa la sita, akijiandaa kwa mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, na hakuna msichana wa nyumba yetu aliyewahi kuufanya. Alitaka kuwa mkunga. Maswali aliyoniuliza juu ya mwili wa mtu yangemkimbiza hata daktari.

Ndipo ikaja Corona. Ugonjwa wenyewe sijui kama ulifika mtaani kwetu, maana sisi kila homa tunaiita malaria. Kilichofika ni amri ya kufunga shule. Mwalimu wao akafunga mlango wa darasa kwa waya, akawaambia wataonana karibuni.

Tukasikia kwamba masomo yatapita redioni. Redio tulikuwa nayo moja, ya baba, na betri zake zilikuwa na kazi moja tu: matangazo ya vifo. Kwetu ndugu akifa mbali, redio ndiyo inayokuambia. Usiposikia ukakosa kilio, ukoo utakusema mpaka nawe uzikwe. Baba aliiwasha saa ya matangazo, jina la mwisho likisomwa akaizima.

"Baba, uache kidogo," mdogo wangu aliomba. "Somo la hesabu linafuata."

"Na betri zikiisha nikakosa kilio cha shangazi yako, hiyo hesabu itanisemea kwa ukoo?"

"Kwani shangazi iko mgonjwa?"

"Hapana. Lakini shangazi iko mutu, haiko jiwe."

Tulicheka wote, hata mdogo wangu. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ukoo mkubwa na betri chache.

Nikachukua mwenyewe kazi ya kumfundisha mdogo wangu. Nilimfundisha kugawanya kwa karanga, na kila jioni tulikula somo lote tukabaki na maganda. Halafu mpunga ukaiva, wote tukaingia shambani, na karanga zikakaa kwenye kikapu. Shule bado zilikuwa zimefungwa pale mama mdogo alipokuja kutoka Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, akitafuta msichana wa kumsaidia kukaanga mikate ya wachimbaji. "Mpaka shule ifunguliwe tu," alisema. Mama akakubali. Mdogo wangu alipanda pikipiki na mfuko wa madaftari kifuani.

"Nitasoma kule, yaya," aliniambia. Yaya ni mimi, mkubwa wake.

Shule ilipofunguliwa waya ulitolewa mlangoni, lakini darasa la sita walirudi watoto wachache, na mwalimu hakuonekana. Mama akanituma nimlete binti yake. Barabara ya kwenda huko ina mashimo ambayo ukiingia kijana unatoka na mvi. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba.

Nilimkuta mbele ya karai la mafuta, pembeni ya machimbo, macho mekundu kwa moshi. Nikaanza hotuba yangu. Sikufika mbali.

"Ee, Diplome! Umekuja kutukagua?"

Aliyesema alikuwa mwanaume mwenye matope mpaka kwenye nyusi. Nilimtambua kwa sauti. Alikuwa mwalimu wa mdogo wangu.

"Mwalimu, unafanya nini hapa?"

"Serikali ilifunga shule, haikufunga tumbo la watoto wangu." Akanyoosha kidole kwa vijana waliobeba mifuko ya mchanga. "Yule ni mwanafunzi wangu. Na yule. Hapa darasa limekamilika kuliko kule, limekosa ubao tu."

Alicheka, na mimi, mcheshi wa mtaa, nilicheka naye. Mdogo wangu hakucheka. Alimpa mwalimu mkate kwa mikono miwili, kama mwanafunzi anavyotoa daftari, kisha akanigeukia.

"Yaya, unataka nirudi nisome na nani? Mwalimu si huyu hapa?"

"Mwingine atakuja."

"Lini?"

Mwalimu alikula mkate wake akitazama chini, akarudi shimoni bila kuaga.

Nyumbani mama alitoka mbio aliposikia pikipiki. Aliangalia kiti cha nyuma, akaangalia barabara nilikotoka, kama vile binti angeweza kuwa anafuata kwa miguu.

Mwalimu mwingine alipatikana mwaka uliofuata. Tukamtuma dereva wa pikipiki ampelekee mdogo wangu habari. Dereva alirudi na jibu: anasalimia wote, ana mimba, na mama asilie.