Loveness amtaja dereva aliyemfundisha kazi

Saa nane mchana basi la Arusha linaingia stendi ya Kange, Tanga, na kabla halijasimama madereva wameshaukimbilia mlango. Loveness Zabron (31) hakimbii. Anabaki kando ya bajaji yake, anataja bei kwa sauti ya kawaida.

"Makorora elfu nne, mama. Na mizigo humo humo."

Abiria anamtazama, anamtazama na dereva mwingine aliyekwishalishika begi lake, kisha anaondoka na huyo wa pili.

"Hapo ndipo ninapochanganyikiwa," anasema Loveness. "Ukisema kweli, mtu anakuogopa. Ukimdanganya, anakufuata."

Alizaliwa Muheza, ambako baba yake alihamia kukata mkonge. Ni mama wa watoto wawili, na kwa miaka minne ameendesha bajaji ya mtu. Kila jioni hupeleka hesabu ya shilingi 15,000. Siku nzuri hubaki na elfu kumi. Siku mbaya hubaki na mafuta ya kesho tu.

Aliyemfundisha udereva ni Anold, dereva teksi wa hapo hapo stendi. Ndiye pia aliyemdhamini kwa mwenye bajaji.

"Mwanangu mdogo alipougua, Anold alitupeleka hospitali, hakuchukua hata mia. Namwita kaka."

Ndiyo maana yaliyotokea Machi mwaka huu hayajamtoka kichwani.

Siku hiyo alishuka Bi Muzna, mwenye miaka 67, akiwahi maziko ya dada yake Makorora. Loveness alimtajia elfu nne. Anold akaita elfu tatu. Mama yule akapanda teksi ya Anold.

"Nilifuata rahisi, mwanangu," Bi Muzna alimwambia mwandishi wa habari hii. "Tanga nimeihama miaka mingi, njia sizijui tena. Akanizungusha mjini mpaka Raskazoni, huko baharini. Namwambia baba, nawahi maiti. Anasema njia imefungwa. Tulipofika Makorora akasimama barabarani, ananambia elfu ishirini na tano, na begi langu kalifungia kwenye buti."

Alipomaliza kubishana, akalipa na kufika kwa miguu, jeneza lilikuwa limeshatoka.

Kesho yake alirudi stendi na mpwa wake, Hisham. Hisham akauliza ni nani aliyembeba shangazi yake. Madereva wakainamia simu zao. Anold akasema, "Mama huyu simjui." Bi Muzna mwenyewe akababaika, maana teksi zote zilikuwa nyeupe, na kwa majonzi ya jana sura ya dereva hakuishika.

"Huku yule mama analia, huku kaka yangu ananitazama," anakumbuka Loveness. "Nikasikia tu mdomo wangu unasema, 'Ni Anold. Nilimwona akimpakia.'"

 Anold akatoa zile elfu ishirini na tano. Bi Muzna hakuzipokea.

"Kaa nazo, baba. Mimi nilitaka kumwona dada yangu uso."

Viongozi wa madereva walimsimamisha Anold mwezi mzima. Loveness alingoja mwenye bajaji apige simu kwamba mdhamini amejitoa. Simu haikuja. Kuna wenzake ambao hadi leo hawamsalimii, ila Anold, aliporudi, alimsalimia kama zamani.

"Nikamuuliza, kaka, mbona hukujitoa? Akasema, 'Hayo na haya ni mambo mawili.' Sijamwelewa mpaka leo. Mtu mwema anafanyaje vile? Na mtu mbaya anafanyaje hivi?"

Alipoulizwa na mwandishi, Anold hakutaka kuongea sana. "Mwacheni afanye kazi. Anaendesha vizuri," alisema, akapandisha kioo.

Sasa Loveness anataka ubao mkubwa wa nauli usimamishwe mahali mabasi yanaposhusha, ili mgeni asome bei kabla ya kuvutwa mkono. Viongozi wamemtaka akusanye saini za madereva ishirini. Amepata kumi na moja, na ya Anold imo.

"Sijui ametubu au ananicheka. Nilikuta ameshaandika jina," anasema, akiikunja karatasi na kuirudisha mfukoni. "Ubao ukiwa tayari nitamwomba yeye anishikie ngazi nikiupigilia misumari. Akikubali, nitajua pa kuanzia kuzungumza naye."